Nafasi ya Mtu wa Saba

Kiswahili changu nilifundishwa na mzee aliyekulia juu ya barafu. Wajukuu wangu wakinisikia nikisema hivyo hutazamana, wakidhani bibi ameanza kuchanganya mambo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliolewa Mbeya miaka ya hamsini nikitokea upande wa Tukuyu, binti wa Kinyakyusa mwenye maneno machache ya Kiswahili ya shuleni, na mume wangu alikuwa Mhehe wa Iringa. Yeye hakujua Kinyakyusa, mimi sikujua Kihehe. Alinipata kwenye safari zake za lori, alipokuwa akija kwetu kupakia kahawa, na mahari ilipangwa na wajomba waliokuwa wakitafsiriana. Tulipobaki wawili nyumbani, hapakuwa na mjomba wa kututafsiria. Tulielezana kwa mikono. Mara nyingine tulikaa tu mlangoni tukitazama ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza, unafunika miti, unafunika paa la gereji, mpaka tunabaki sisi wawili na kizingiti cha mlango.

Gereji ilikuwa ya mzee mmoja Mzungu, mtu wa Kanada. Alikuja kuchimba dhahabu Chunya kabla ya vita, na dhahabu ilipopungua wenzake wakaondoka, yeye akahamia Mbeya na spana zake akaanza kutengeneza malori. Mume wangu alikuwa dereva wake. Tulipewa vyumba viwili nyuma ya gereji, na jiko la nje lenye paa la bati. Mzee alikuwa amevuka miaka sitini, mrefu, pua imepinda upande, na meno ya mbele hana. Watu wa mjini walisema alikuwa mwanajeshi, wengine wakasema bondia. Wazungu wenzake hawakumwalika klabuni kwao, au walimwalika akakataa, sijui. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi ya kipupwe, nikishawasha moto, alikuja jikoni kwangu na kikombe chake cha bati, akaketi kwenye kigoda, akalinyoosha goti lake la kulia kuelekea motoni taratibu, kama mtu anayemsogeza mtoto mchanga kwenye joto.

Aliniita mama tangu siku ya kwanza, ingawa nilikuwa msichana tu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kumwita mke wa mtu. Alinyoosha kidole kwenye sufuria akaitaja. Akataja kuni, majivu, moshi, mwiko. Nilirudia. Kiswahili chake alikipata kwa wachimbaji, watu wa kila kabila waliokuwa wakiishi kwenye mahandaki, nami nilikipokea chote bila kukipepeta. Nilipokwenda sokoni kuomba kupunguziwa bei ya njegere, wanawake wa Kisafwa walishika mbavu kwa kucheka, maana nilizungumza kama mwanamume mwenye sururu begani. Mume wangu naye alicheka, lakini alifurahi, kwa sababu sasa tulikuwa na lugha ndani ya nyumba.

Habari za barafu zilianza asubuhi moja ya mwezi wa saba. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, nyeupe tupu kutoka gereji mpaka barabarani, na ule ubao mrefu wa kupakilia mizigo kwenye lori ulikuwa umepakwa ganda jembamba linalong'aa. Nilikuwa nimesimama jikoni nikipuliza moto. Nikamwona mzee anatoka chumbani kwake, anausogelea ule ubao, anaugusa kwa kiganja. Akapanda. Akaweka mikono nyuma ya kiuno, akasukuma kwa mguu mmoja, akateleza kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, bila kupiga hatua hata moja, mwili umeinama kidogo upande, uso umetulia kama wa mtu aliyelala. Kisha akashuka, akachukua kikombe chake, akaja kunywa chai.

Nikamwuliza, kwa maneno niliyokuwa nayo, ile ni ngoma ya wapi.

"Si ngoma," alisema. "Ilikuwa kazi yangu."

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia, na hakusimulia siku moja. Alisimulia kipupwe kizima, kipande leo, kipande kesho kutwa, akirudi nyuma nikishindwa neno. Hakujua anieleweshe vipi barafu, nami sikuwa nimeiona. Nilijua mvua ya mawe. Akasema basi, chukua mvua ya mawe yote iliyowahi kunyesha kwenu Rungwe, imwage mtoni, ipige sawasawa mpaka iwe laini kama sahani, na isiyeyuke tangu Noeli mpaka Pasaka. Juu yake watu wanapita na farasi. Watoto wanakwenda shule juu ya mto. Nilifumba macho nikauona mto Kiwira umesimama, maporomoko yamenyamaza, na mama yangu anavuka na kapu la ndizi kichwani bila kulowa. Mpaka leo nikisikia neno barafu huwa naona Kiwira, si Kanada.

Baba yake alikuwa mhunzi kwenye kijiji kando ya mto mmoja mpana. Huyo baba ndiye aliyemtengenezea viatu vya kutelezea, akafua vyuma virefu kama visu na kuvifunga chini ya buti. Wavulana wa kijiji walicheza mpira wa magongo mtoni, wakikimbizana na kipande cha mpira mgumu, cha mviringo, kinene kama kisigino cha kiatu. Alicheza mpaka giza lilipoingia na mama yake kusimama ukingoni kumwita. Alipofika umri wa kuota ndevu, akaja mtu kwa treni, amevaa koti la manyoya, akamtafuta kwa jina. Huyo mtu alitumwa na mabwana wenye migodi ya madini ya fedha huko kaskazini. Walikuwa na timu. Walitaka kumlipa acheze.

Nilimwuliza kama kweli mtu mzima anaweza kulipwa kwa kucheza. Mzee alisema hilo ndilo swali alilouliza baba yake, na kijiji kizima, na magazeti pia, kwa kuwa siku hizo jambo hilo lilikuwa jipya, na watu wa heshima waliliona kama kuuza kitu kisichouzwa. Akaondoka na yule mtu wa koti. Habari za baba yake akaziruka, akanyanyuka kwenda kutazama lori, nami sikumwuliza zaidi.

Aliyonieleza ni ya huko alikokwenda. Mji wa mbao katikati ya theluji, wachimbaji wenye masizi usoni wamejaa kwenye jengo refu kama ghala, taa zinaning'inia, pumzi za watu zinapanda juu na kuganda kwenye boriti, halafu zinawadondokea wachezaji vichwani mechi ikipamba moto. Hakukuwa na mchezaji wa akiba. Walioanza ndio waliomaliza, na mtu akipasuka nyusi alishonwa pale pale ukingoni akarudi. Majira ya baridi yalipoishia, barafu ililegea, wakacheza ndani ya maji mpaka vifundoni, magongo yanarusha maji kama makasia. Alizunguka miji kwa treni. Alilala kwenye mabehewa na kuamka asijue yuko wapi, ila akisikia baridi puani alijua kuna kazi.

Walikuwa watu saba kila upande. Mmoja alilinda goli, wawili nyuma, watatu mbele. Nafasi yake ilikuwa ya saba. Alitafuta neno lake kwa siku kadhaa, akasema labda ni mzururaji. Nikamwambia mzururaji ni mtu anayekamatwa na askari mjini kwa kukosa kazi. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Akasema ndivyo hasa, mtu wa saba hana mahali pake. Anakwenda nyuma wanapohitaji mlinzi, mbele wanapohitaji goli, na hakuna anayemwambia simama hapa. Alisema uwanja mzima ulikuwa wake, na kwamba siku mbili tatu maishani, akiwa kwenye mwendo, alisahau kama ana miguu.

Kisha wenye timu wakakaa mezani wakaona watu saba ni wengi. Wakaondoa mmoja. Hawakumwondoa yeye, alisema, waliondoa nafasi yenyewe, ikawa haipo tena kwenye mchezo. Wakampa nafasi ya pembeni, na pembeni alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Akasikia kwamba upande wa machweo, mwisho kabisa wa reli, bado wanacheza saba. Akapanda treni. Akacheza huko miaka, akaumia goti, akapona, akaumia tena, na alipokuwa anaanza kuota mvi huko nako wakaondoa mtu wa saba. Hapo hakukuwa na reli nyingine ya kupanda. Akashika sururu na karai kama wachimbaji waliokuwa wakimshangilia, akatafuta dhahabu kwao, asiipate, ndipo akasikia habari za Chunya.

Mbeya kulikuwa na timu ya magongo, yale ya kuchezwa kwenye nyasi. Walioichezea ni Makalasinga wa karakana ya mbao, wenye maduka, na Mgoa mmoja karani wa posta. Mzee alianza kwenda kuwatazama jioni. Aliniambia ni kama kukutana na ndugu wa damu anayesema lugha nyingine. Hakukaa kimya muda mrefu. Akaanza kuwaonyesha namna ya kupokea mpira bila kuutazama, na kwa kuwa mlinda goli wao alihamishwa kikazi, akawaambia wamchukue dereva wake, ambaye kila siku alikuwa akidaka spana anazorushiwa kutoka chini ya lori. Walisita. Kumweka Mwafrika kwenye timu yao halikuwa jambo la mazoea. Fundi mkuu wa karakana, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa nahodha wao, akamrushia mume wangu mipira mitatu minne, wakaacha kusita.

Pasaka ya mwaka uliofuata wakaalikwa kucheza Iringa. Mume wangu akaniambia nijiandae, maana mama yake alikuwa akiishi Kihesa, karibu na mji, na alikuwa hajaniona. Alikuwa ametuma salamu mara mbili tu tangu tuoane, salamu fupi. Alitaka mwanawe aoe Mhehe, tena Mkatoliki. Mimi nilikuwa Mnyakyusa wa Moraviani. Safari nzima nilikaa mbele ya lori kati ya mume wangu na mzee, wachezaji wako nyuma chini ya turubai. Chimala tulinunua mchele wa Ubaruku kwa ajili ya mama mkwe. Baada ya Igawa mvua ikatushika, tukasukuma lori mara kwa mara, na kuanzia Makambako ukungu ukawa mzito hata mume wangu akawa anaendesha huku ametoa kichwa nje. Mzee alisinzia begani mwangu. Nakumbuka nilitamani tusifike, tuendelee tu ndani ya weupe ule, magurudumu yakiteleza taratibu, bila mji mbele yetu.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane, ana rozari shingoni. Nilipiga magoti nikasema kamwene kama mume wangu alivyonifundisha. Aliitikia, kisha akazungumza na mwanawe kwa Kihehe kwa muda mrefu. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango, mahali anapokaa mgeni wa kupita. Alinigeukia akaniuliza kwa Kiswahili habari za safari, nami nikajibu kwa Kiswahili changu cha machimboni, nikaona nyusi zake zinapanda. Akamwuliza mwanawe nimefundishwa na nani kuzungumza hivyo. Mume wangu akaonyesha kwa kidevu kule nje, alikokuwa mzee akichunguza tairi la lori. Mama mkwe akatazama. Siku ya Pasaka nilifuatana naye kanisani, nikapiga magoti wenzangu waliposimama, nikasimama walipopiga magoti.

Mechi ilikuwa Jumatatu. Tangu asubuhi kulikuwa na manyunyu, yale manyunyu ya Iringa yasiyoanguka wala kuacha, na uwanja ulikuwa nyasi fupi juu ya udongo mwekundu. Mama mkwe alikuja kwa sababu mwanawe alikuwa golini. Alisimama mbali kidogo nami, khanga juu ya kichwa. Timu ya Iringa walivaa nyeupe na walikuwa wazuri. Mume wangu alidaka mipira mingi lakini miwili ikampita. Wakati wa mapumziko yule Mgoa wa posta, ambaye tumbo lilikuwa likimsumbua tangu njiani, akakaa chini na hakuweza kuinuka.

Wakatazamana. Hawakuwa na mtu mwingine. Mzee akavua koti akanipa nishike, akafunga miguu ya suruali yake ya gereji kwa kamba ya katani, akaokota gongo la Mgoa. Nahodha wa Iringa akasema kitu kwa upole kuhusu umri. Mzee akamwinamia kichwa kidogo, akaingia uwanjani.

Mwanzoni ilikuwa aibu. Fundi mkuu alimwambia akae kushoto, naye akawa hakai. Alizunguka nyuma, akasimama mbele ya mume wangu, akavuka katikati, na Makalasinga wakawa wanamwita arudi mahali pake. Watu wa pembeni walicheka. Mimi nilikuwa nimelishika lile koti kifuani na nilitaka kuwaambia kwamba hana mahali pake, kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, lakini nani angenielewa.

Manyunyu yakazidi. Udongo ukawa kama sabuni. Wachezaji wote, wa Iringa na wetu, wakaanza kufupisha hatua, mikono wameitanua, wanaogopa kuanguka. Yeye peke yake alirefusha. Alisukuma kwa mguu mmoja akaenda, akaegemea upande akageuka, mpira uko kwenye gongo kama umeshonwa. Hakuonekana kukimbia. Wenzake wakaacha kumwita, wakaanza kumfuata. Akampa mpira Kalasinga kijana, likawa goli. Baada ya muda akarudi nyuma kabisa, akamnyang'anya mtu wa Iringa mpira mbele ya miguu ya mume wangu, akapita katikati ya watu wenye nguo nyeupe mmoja baada ya mwingine, nao walikuwa wanakaa chini kwa kuteleza kama watu wanaompisha mgeni wa heshima. Nilisikia manyunyu kwenye khanga yangu. Nadhani dakika hiyo niliiona barafu kwa macho yangu, na sikuhitaji kufumba.

Mama mkwe alikuwa amesogea mpaka karibu nami bila mimi kujua. Akasema polepole, kama anajisemea, "Yule mzee anakwenda kama mtu anayeota."

Hilo nalo likawa goli. Tulikuwa sawa. Halafu, mwishoni, Iringa wakapata nafasi, mzee akageuka ghafla kumfukuzia aliyekuwa na mpira, goti likakataa. Alianguka ubavu akateleza mbali sana, na alipoacha kuteleza hakuinuka. Iringa wakafunga. Tulishindwa kwa goli hilo moja, na watu wakampigia mzee makofi akiwa bado chini, amelala chali, manyunyu yanamwingia mdomoni, anacheka.

Wenyeji wetu walitaka alale kwao, lakini vyumba vyao vilikuwa ghorofani na ngazi hakuiweza. Hospitali ya Wazungu hakuitaka. Barabara ya kurudi Mbeya nayo ilikuwa imekatika, mto umechukua daraja. Mume wangu akamtazama mama yake. Mama yake akasema kitanda kimoja kipo.

Kwa hiyo mzee alikaa nyumbani kwa mama mkwe, Kihesa, siku zote ambazo daraja lilikuwa likitengenezwa. Majirani walipita kumchungulia Mzungu aliyelala kwenye nyumba ya nyasi. Mama mkwe hakuwajali. Alimkanda goti kwa maji ya moto ya chumvi, akamfunga kwa kitambaa, akampa ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kata, maana ulikuwa msimu wake. Walizungumza Kiswahili, na kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa maneno machache, walipatana. Mimi nilibaki na kigoda changu karibu na mlango.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha kwa utulivu, mume wangu yuko nje kwenye lori. Mama mkwe alikuwa anakanda lile goti. Akamwuliza mzee kama baba yake alimwona akicheza vile.

Nilijua hapo ndipo mzee alipokuwa akiruka kila mara anaposimulia.

Akasema baba yake hakuwahi kumwona akicheza kwa malipo. Yule mtu wa koti la manyoya alipokuja, baba yake hakugomba wala kumzuia. Alisema tu kwamba vile vyuma alivifua kwa ajili ya mtoto kucheza, na kama sasa mwanawe anakwenda kuuza mchezo, basi avirudishe.

"Ukavirudisha?" mama mkwe aliuliza.

"Nilivirudisha. Niliviweka kwenye meza ya kazi yake nikaenda kupanda treni. Nilinunua vingine dukani."

"Akavifanyia nini?"

"Alivitia motoni. Akavifua upya, akatengeneza bawaba za mlango wa kanisa letu." Mzee alikuwa anatazama paa. "Nilirudi nyumbani mara moja tu, kumzika mama. Kila alipoingia mtu kanisani, nilizisikia zikilia. Baba alikuwa amekaa mbele yangu. Hatukusemezana."

Mama mkwe aliendelea kukanda. Aliloweka kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya goti, akakibonyeza kwa viganja vyote viwili.

"Basi hakuvitupa," alisema.

Mzee akageuza kichwa kumtazama. Nadhani katika miaka yake yote, katika treni zote na mahandaki yote, hakuwa amelitazama jambo hilo kwa upande huo. Alifunika macho kwa mkono, na mama mkwe akamwacha, akatoka kumwaga maji. Aliporudi alisimama mlangoni, karibu na kigoda changu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mvua ilikuwa inamwangukia kwenye kisigino.

"Mkwe," aliniambia. Siku zote alikuwa akiniita mgeni. "Huko mlangoni kuna baridi. Njoo motoni, unisaidie mboga."

Nilikwenda. Tulichambua majani ya maboga bila kusema mengi. Baada ya muda akanyanyua jani moja akalitaja kwa Kihehe, nami nikarudia, akanisahihisha, nikarudia tena. Sikumbuki lini mume wangu aliingia. Nakumbuka alisimama na matope mpaka magotini, akatutazama, akatoka tena nje kana kwamba amesahau kitu kwenye lori.

Daraja lilipokamilika tukarudi Mbeya. Goti la mzee halikunyooka tena. Alitembelea mkongojo, na asubuhi alichukua muda mrefu kuvuka ule uwanja mdogo kati ya chumba chake na jiko langu, lakini alikuja. Hakuhadithia tena habari za magongo. Aliuliza zaidi habari za watu: mama mkwe hajambo, mahindi yake yameota, ulanzi mwaka huu ukoje. Nilipopata mtoto wangu wa kwanza mama mkwe alikuja kunilea, akakaa miezi mitatu, na asubuhi jikoni tulikuwa wanne, mimi, yeye na mzee tukinywa chai na mdogo akinyonya, na sikumbuki tulikuwa tukizungumza nini. Nakumbuka moshi tu, na jinsi mwanga ulivyokuwa ukipenya kwenye matundu ya bati na kusimama ndani ya moshi kama nguzo nyembamba.

Kipupwe cha mwisho kilimwelemea. Mikono yake haikushika spana vizuri. Dada yake mkubwa alikuwa bado hai kwenye shamba la wazazi wao, mjane, peke yake, na mzee akaamua kwenda kukaa naye. Gereji akaiacha kwa fundi mkuu wa karakana. Siku ya kuondoka hakutaka kuagwa. Alikunywa chai yake kama kawaida, akakisuuza kikombe mwenyewe, akapanda lori. Mama mkwe, ambaye siku hizo alikuwa tena kwetu, alimsogelea dirishani akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, hivyo tu.

Mume wangu alimpeleka mpaka Dodoma kupanda treni. Aliporudi alikuwa amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwekea maji ya kuoga, nikamwekea ugali na maharage. Alikula kwanza. Kisha akaniambia mzee alipewa kiti cha dirishani, na kwamba hata kabla ya treni kuondoka alikuwa amekwishalala, mdomo wazi kidogo, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Yeye alisimama jukwaani mpaka mabehewa yakapotea. Hakumwamsha.

Akaomba maharage zaidi. Mtoto aliamka, nikambeba mgongoni, nikaenda kupakua.